Mdudu wa Mawe na Safari ya Mto Thika



Ndithini ni wadi ya eneo bunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, katika bonde la Mto Thika. Nchi yake ni kavu, yenye migunga, mbuzi, mashamba ya pojo na mbaazi, na jua lisilopozwa na upepo wa bahari. Wenyeji wake ni Wakamba, watu wanaoijua thamani ya maji kuliko sisi tuliozaliwa tukiyatazama maji mengi tusiyoweza kuyanywa.

Mto Thika haukuzaliwa hapa. Chemchemi zake zimo katika misitu ya milima ya Nyandarua. Maji hupita bwawa la Ndakaini, ambalo Nairobi hupata humo sehemu kubwa ya maji yake, yakateremka hadi mji wa Thika na viwanda vyake, kisha yakamiminika katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981. Hapo huungana na Mto Tana, yakapita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakaitazama Garissa, Hola na Garsen, na mwisho yakaingia baharini Kipini. Kwa hiyo, ndugu msomaji, Ndithini si mbali nasi kama ramani inavyotudanganya. Sisi ni majirani wa mto mmoja: wao wako juu, sisi tuko chini.

Katika Masinga wavuvi hupata perege na kambare, samaki wanaostahimili joto. Lakini katika mto huo huo, karibu na chemchemi, huishi samaki mwingine kabisa: trauti. Huyu ni mgeni. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliyatia mayai yaliyoletwa kutoka Scotland katika Mto Gura, nao uzao ukaenea katika mito ya milimani. Trauti hutaka maji baridi, yaendayo mbio na yenye hewa nyingi. Akiletwa Ndithini atakufa.

Chakula kimojawapo cha samaki wa mito kama hiyo ni mdudu wa mawe. Tunutu wake hukaa chini ya mawe ya mto, ana mikia miwili na miguu yenye kucha za kushikilia mawe mkondo usimchukue. Akikomaa hutambaa hadi juu ya jiwe lililo nje ya maji, ngozi hupasuka mgongoni, akatoka na mbawa nne anazozikunja bapa juu ya mwili. Maisha yake ya angani ni mafupi. Jike hurudi kuyaangusha mayai juu ya uso wa maji, na hapo ndipo samaki hupanda kumdaka. Subhanallah! Riziki ya kila kiumbe ina saa yake.

Mvuvi wa trauti huiga saa hiyo. Hatumii chambo cha ngisi wala dagaa kama wavuvi wetu, bali hutengeneza mdudu wa bandia. Ndoana ndogo hubanwa kwenye jiliwa, ikazungushwa uzi mwembamba uliopakwa nta. Mwili hufanywa kwa sufi ya hudhurungi au ya manjano. Juu yake hulazwa nywele za mnyama wa jamii ya kulungu, ambazo zina uwazi wenye hewa ndani na kwa hiyo huelea; hizo ndizo mbawa. Mbele huzungushwa unyoya wa shingo ya jogoo, nyuzi zake zikasimama kama miguu na kumshikilia mdudu juu ya maji. Kisha fundo, na uzi hukatwa. Ni kazi ya vidole vyepesi na subira, isiyo mbali na ile ya mama anayedarizi kofia ya vito. Nchini Kenya kazi hii ni ajira, na wanawake wengi huifanya. Wadudu watokao mikononi mwao huuzwa hadi Ulaya na Marekani.

Mvuvi husimama upande wa chini wa mkondo, akamrusha mdudu juu ya maji na kumwacha aelee bila kuvutwa. Mshipi ukimkokota hata kidogo, trauti hutambua hila na kuzama.

Dini yetu imetuhalalishia samaki bila kuchinja, na kumvua kwa ajili ya chakula cha watoto ni jambo jema. Lakini Mtume (s.a.w.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Anayemtoboa samaki mdomo kwa burudani tu, akamrudisha majini na kumvua tena, na ajiulize kwanza na awaulize wanavyuoni.

Lipo jambo zito kuliko uvuvi. Mdudu wa mawe hawezi kuvumilia uchafu. Maji yakikosa hewa kwa sababu ya taka au tope la mashamba, huyu ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka, kabla maji hayajabadilika rangi, na kabla ya mama wa Ndithini kuona lolote katika mtungi wake. Basi yeye ni shahidi mdogo aliyewekwa chini ya jiwe. Akiwepo, mto una uhai; akiondoka pale alipokuwa akiishi, tusingoje kuambiwa mara ya pili.

Mkijaaliwa kusafiri bara na watoto katika likizo, wafundisheni kuinua jiwe la mto mahali pasipo na kina wala mkondo mkali, walitazame upande wa chini, kisha walirudishe polepole kama lilivyokuwa. Na wafundisheni pia kwamba kuchafua maji wanayoteka watu ni dhuluma, hata kama aliyedhulumiwa yuko mbali na hatuzijui sura zake. Twajua kwamba hapo kati pana watu wa Ndithini, na kwamba mwisho wa safari ya maji hayo tupo sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa neema Zake. Amin.