Kishikwambi Kimoja kwa Nyumba Saba

Akina mama wengi siku hizi wanatuuliza habari za kishikwambi. Neno lenyewe lilikuwa geni kwa wengi wetu. Lilienea hasa wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti, 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiandika majibu yetu kwenye kioo badala ya karatasi. Baada ya sensa Serikali iliwagawia walimu vishikwambi hivyo. Tangu hapo mama akimwona mwalimu wa mtoto wake akifungua somo kwa kidole, naye anatamani. Si vibaya kutamani. Lakini fedha ya nyumbani ni ile ile inayosubiriwa na mbolea na ada ya shule, na hapana budi mtu aketi kwanza ahesabu, kama Bwana wetu alivyosema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara.

Sisi tunaoandika haya ni akina mama saba wa kamati ya ziara katika kanisa letu hapa Mbebe, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Kati yetu wamo muuguzi, mwalimu mstaafu na wakulima. Kazi yetu ni kutembelea wajawazito, waliojifungua, wajane na wagonjwa. Baada ya mavuno tuliuza mahindi ya shamba la kikundi, tukapata Sh. 480,000/=. Wazo likatolewa tununue kishikwambi kimoja cha kwenda nacho kwenye ziara na mikutano ya Tunduma na Mbeya, na siku nyingine kizunguke katika nyumba zetu.

Hapo maneno yakawa mengi. Mfuko huo ndio tunaotoa nauli ya kumkimbiza mama hospitalini uchungu unapokwenda vibaya, na fedha nyingine haingepatikana mpaka mavuno mengine. Mmoja wetu alisema wazi kwamba kishikwambi hakibebi mjamzito. Bibi, ambaye ni mkubwa kuliko sisi sote, akaongeza kwamba daftari lake la ziara analo kwa miaka mingi na halijapata kuzimika kwa kukosa chaji. Hatukuwa na jibu la haraka. Mwisho tulikubaliana kwamba Sh. 180,000/= zisiguswe kabisa, ziwe za nauli ya dharura, na kishikwambi kitafutwe ndani ya laki tatu zilizobaki, pamoja na kasha lake na nauli ya kwenda Tunduma. Kama hakipatikani kwa kiasi hicho, basi tusinunue.

Tuliona kwamba kabla ya kuuliza ni kipi kizuri, tuulize kitakwenda wapi na kitashikwa na nani. Mama wa mjini ambaye kishikwambi chake kitakaa mezani sebuleni anaweza kuchagua kikubwa, naye atafanya vema. Cha kwetu kingekwenda kwenye pikipiki, kingepanda vilima, kingeshikwa kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika mwavuli au mtoto.

Kwa hiyo tulianza na ukubwa. Kioo hupimwa kwa inchi kutoka kona hadi kona, na vilivyo vingi madukani ni vya inchi 8 hivi na vya inchi 10 hivi. Mwalimu wetu alipenda cha inchi 10, kwa sababu ukurasa wa kitabu cha shule unaonekana wote. Alikuwa na hoja ya kweli. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandao, na mtoto anayevisoma kwenye kioo kidogo inambidi ausukume ukurasa huku na huku mpaka achoke. Kwa nyumba yenye watoto wa shule ambayo kishikwambi hakitoki, tungemshauri mama achukue kikubwa. Lakini chenye inchi 10 kina uzito wa karibu nusu kilo, nacho hakiingii kwenye mkoba wa kawaida. Cha inchi 8 ni kama Biblia ya wastani kwa upana, tena ni chepesi kuliko hiyo Biblia. Tulijua kwamba kikubwa kingeachwa nyumbani kila mara njia inapokuwa na matope, na njia za kwetu zina matope tangu Novemba mpaka Aprili. Tukachagua kidogo.

Jambo la pili lilikuwa chaji, na hapa tunaomba mama mwenzetu asome polepole, kwa sababu wauzaji hawalielezi. Umeme umefika vijijini, lakini hukatika, na baadhi yetu bado tunawasha taa za sola. Uwezo wa betri huandikwa kwa mAh. Zidisha namba hiyo kwa 3.7, kisha ugawe kwa 1,000, utapata wati-saa. Betri ya mAh 5,000 ni wati-saa 18 na nusu. Ya mAh 7,000 ni wati-saa 26. Ya mAh 10,000, ambayo hukaa kwenye vile vikubwa, ni 37. Sasa paneli ndogo ya wati 10 ikipata jua kali kwa saa nne hutoa wati-saa 40 tu, na sehemu yake hupotea njiani kabla ya kufika kwenye betri. Maana yake ni kwamba kishikwambi kikubwa kikijazwa siku hiyo, taa ya jikoni haiwaki. Kidogo kinaiachia taa sehemu yake. Bibi aliposikia hesabu hiyo alisema kwamba sasa tunaongea.

Kwa safari ndefu, pawa benki ni msaada mkubwa. Yenye mAh 20,000 ni wati-saa 74. Anayepanda ndege akumbuke kwamba haiwekwi kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege, bali hukaa kwenye mkoba wa mkononi, na kiwango kinachokubaliwa bila kibali maalumu ni wati-saa 100.

La tatu ni laini. Viko vishikwambi visivyo na mahali pa laini, ambavyo hutegemea waifai. Hivyo huwa na bei ya chini, na mama ambaye simu yake inaweza kukigawia bando hana hasara akikichukua. Viko vyenye laini, lakini vingi kati ya hivyo hupokea intaneti tu, havipigi simu wala havikubali namba za huduma kama *150*00# ya M-Pesa. Mama mmoja wa jirani alinunua cha namna hiyo akitumaini kuachana na simu yake ndogo, akajikuta hawezi kutoa fedha zake. Muulize muuzaji jambo hilo, na usikubali neno la mdomo. Weka laini yako mwenyewe, ubonyeze namba hizo mbele yake.

Aidha, sisi wa Ileje tunatazamana na Malawi ng'ambo ya Mto Songwe, na Tunduma imeshikana na Nakonde ya Zambia. Karibu na mpaka kifaa hudaka mtandao wa jirani bila kukuuliza, na salio likaisha ukiwa umekaa kitako nyumbani kwako. Siku ya kwanza kabisa zima romingi.

Tulikwenda Tunduma watatu: muuguzi, mwalimu, na Bibi mwenyewe, maana tulisema macho yake ndiyo yatakayoamua kama maandishi yanasomeka. Alikuwa mkali kuliko tulivyotazamia. Kila kishikwambi alichopewa alitoka nacho mlangoni, akakisimamishia juani. Viwili vilivyong'aa sana ndani ya duka havikuonekana chochote nje isipokuwa uso wake na mawingu. Ndiyo hali ya vioo vingi vya bei nafuu. Sisi tunaotembelea watu na kukaa nao chini ya mwembe, kioo cha namna hiyo kingetufaa nini?

Duka moja lilituonesha kishikwambi cha jina tusilolijua, kasha lake limeandikwa GB 512, kwa Sh. 170,000/=. Mwalimu alishuku. Cha namna hiyo huweza kuandikwa uongo hata ndani ya kifaa chenyewe, na mtu hugundua picha zake za kwanza zinapoanza kuharibika kwa kukosa nafasi. Aliomba ajaribu kukijaza kwa mafaili makubwa ya video kutoka kwenye kadi yake, muuzaji akakataa, nasi tukaaga. Kwa matumizi ya kawaida, GB 64 za kweli zinatosha, pamoja na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya GB 4, na tundu la kadi ili mtu aongeze nafasi baadaye. iPad, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2010 na ni imara, hazina tundu hilo, na bei yake ilikuwa mbali mno na mfuko wetu.

Vya mtumba vilitushawishi. Ubaya wa cha zamani ni kwamba programu hukitupa mkono. Tangu Januari 2025, kwa mfano, WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Ubaya mwingine ni akaunti ya mwenye mali wa kwanza. Mwombe muuzaji akifute chote na kukiwasha upya mbele yako. Kikidai nywila ya mtu usiyemjua, kirudishe, maana huenda kimeibwa. Na kishikwambi chenye alama ya Serikali si cha kununua hata kikitolewa kwa bei ya kutupa.

Kuna waliotushauri tuvuke Nakonde. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019 na kuvuka si kazi ngumu, lakini bidhaa hapana budi itangazwe forodhani, na kikiharibika dhamana yake iko nchi nyingine. Tulibaki upande wetu. Tulipata cha inchi 8, chenye laini, mAh 5,000, GB 64, kwa Sh. 265,000/=, kwa risiti ya EFD na dhamana ya miezi 12. Kasha la mpira na nauli vilimaliza karibu zote zilizobaki. Kabla ya kulipa tulimuuliza fundi wa jirani kama vioo vya aina hiyo anavyo, akatuonesha viwili.

Nyumbani palizuka jambo ambalo dukani hatukuwa tumelijadili. Wengine walitaka majina ya wajawazito tunaowatembelea, miezi yao na matatizo yao, yaandikwe kwenye kishikwambi ili daftari lipumzike. Muuguzi wetu alikataa kabisa. Kifaa hiki kinalala katika nyumba saba tofauti, kinashikwa na waume, na watoto wanacheza nacho. Mama aliyemweleza muuguzi kwa siri kwamba ana maambukizi, au kwamba mimba iliyotangulia iliharibika, hakuieleza nyumba ya jirani. Siri ya mgonjwa tulifundishwa chuoni, na sasa iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazipa habari za afya ulinzi wa pekee. Wengine walisema nywila ingetosha. Lakini nywila inayojulikana na watu saba ni nywila gani?

Basi daftari la Bibi limebaki kazini, nalo hufungiwa kabatini. Kwenye kishikwambi tumeweka mafundisho: picha za dalili za hatari kwa mjamzito, kama vile kutokwa damu, kuumwa sana kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, na degedege. Tumeweka Biblia ya Kiswahili inayosomeka bila mtandao. Hali kadhalika tumerekodi sauti zetu wenyewe, tukieleza dalili hizo hizo kwa Kindali na Kilambya, kwa sababu wako mabibi na mama wakwe ambao ndio wanaoamua mkwe aende hospitali lini, na Kiswahili cha kliniki hakiwaingii. Mwezi uliopita mama mkwe mmoja alisikiliza mara tatu, kisha akauliza kama kuvimba uso kwa mkwe wake ndiko huko. Alipelekwa hospitali siku ile ile kwa nauli ya mfuko. Presha yake ilikuwa juu sana. Amejifungua salama, mtoto wa kike.

Kwa watoto tumeweka utaratibu. Kila nyumba inakaa nacho wiki moja. Watoto wanakitumia sebuleni, si chumbani, kwa saa moja baada ya kazi za shule, na hakuna anayeongeza programu bila mwalimu kujua. WhatsApp ya mtu binafsi haiunganishwi humo, ya mke wala ya mume. Baba mmoja alinuna kidogo. Mke wake alimweleza taratibu kwamba ujumbe wake ungesomwa na kamati nzima, naye akaridhika upesi.

Wiki hii kiko kwa Bibi. Amekuza maandishi mpaka mstari mmoja unabeba maneno manne, na anasoma Zaburi mwenyewe jioni bila kumwita mjukuu. Tena amewarekodi wajukuu wake wakiimba nyimbo za Kilambya, nyimbo nyingi mno, na nafasi imeanza kwisha. Tumekubaliana ashike ushirika wa kuuza mayai mpaka ipatikane fedha ya kadi.