Mume amekufa, mume yuko jikoni, mimi nasinzia

Jana usiku umeme ulikuwepo, usingizi haukuwepo, nikaamua kuitazama Premonition, ile ya Sandra Bullock ya mwaka 2007. Nilikuwa na hamu nayo siku nyingi. Ilipofika katikati nikajikuta nahesabu dakika zilizobaki.

Wazo lake, jamani, ni tamu. Linda, mama wa watoto wawili, anagongewa mlango na polisi: mumewe Jim amekufa kwa ajali ya gari. Analala na kilio chake. Kuamka, Jim huyo hapo jikoni. Akiamka tena, ni siku ya mazishi. Wiki imechanganywa kama karata: Alhamisi, kisha Jumatatu, kisha Jumamosi.

Sasa mtu mwenye karata nzuri namna hiyo anafungwaje?

Wapo watakaosema kosa ni kutuambia mapema kwamba Jim atakufa. Sikubali. Hitchcock alimweleza Truffaut mwaka 1962: bomu likilipuka ghafla chini ya meza, mtazamaji anashtuka sekunde 15. Mwonyeshe bomu kwanza, kisha waache watu mezani wapige soga, utamshika roho dakika 15. Kuujua mwisho ndiko kunakoleta taharuki.

Tatizo ni kwamba Linda analiona bomu, halafu anaendelea kufua nguo. Siku zinapita anashangaa tu, na sisi tunashangaa naye. Ameshayaona majeraha usoni kwa bintiye, lakini Jumanne inapofika, mlango wa kioo uko vile vile na mtoto anaupiga kwa uso. Anapokuja kukaa na karatasi azipange siku zake, mimi nilishazipanga zamani.

Tena hatujui kipi kinaweza kubadilika na kipi hakibadiliki. Simaanishi tuelezwe uchawi wote. Groundhog Day ya mwaka 1993 haikueleza kwa nini siku inajirudia, ila kanuni yake unaishika mara moja: saa 12 asubuhi, saa inalia, siku ile ile. Hapa kanuni hakuna, na bila kanuni huwezi kumwogopea mtu.

Halafu inafika Jumatano. Linda anamkimbilia mumewe, anampigia simu, anamsihi ageuze gari. Jim anamsikiliza mkewe, anageuza, na lori linamkuta pale pale. Hapo ndipo nilipokaa sawa kwenye kiti.

Nilikumbuka kazi moja. Nilitumwa nyumbani kwa marehemu wa ajali ya basi kutafuta picha na umri wake. Mjane akaniambia mumewe alikuwa ameshafika kituoni, yeye akampigia arudi achukue mwavuli. Akarudi, akauchukua, akapanda basi lililofuata. "Ningemwacha anyeshewe," alisema, kisha akaniomba nisiandike hilo. Sikuandika. Gazetini marehemu alipata mistari mitatu: jina, umri, watoto wangapi.

Ndiyo maana Premonition imeniudhi kuliko filamu mbovu za kawaida. Ile mbovu kabisa unaizima unalala. Hii ilikuwa na swali la mama yule mkononi, ikalificha hadi dakika za mwisho kwa kudhani siri ndiyo taharuki. Lingewekwa mezani tangu ile Jumatatu Jim alipokuwa jikoni, wala nisingeangalia saa.