Yunikodi na Irabu za Shangazi: Tafakuri kutoka Mwanza

Mwaka 2004 niliandika katika kompyuta, mjini Mwanza, maneno ya Kisukuma niliyoyakusanya kwa shangazi yangu, mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Kisukuma kina irabu saba, si tano kama Kiswahili. Mbili za ziada niliziandika, kama wafanyavyo baadhi ya wanaisimu, kwa alama ya wimbi juu yake: ĩ na ũ. Nilipolifungua tena faili hilo, shangazi akiwa amekwisha kufariki, kila ĩ ilikuwa imegeuka i, na kila ũ imegeuka u. Alama ya kuuliza ingalau ingeonyesha mahali palipopotea kitu. Hapa hapakuwa na dalili yoyote.

Chanzo chake si siri. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na faili langu lilihifadhiwa kwa msimbo usiokuwa na herufi hizo. Msimbo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, una nafasi 128 tu. Humo i ni 105 na u ni 117. Kiswahili kilienea humo chote, hata ng' kwa ritifaa yake; ndiyo maana sisi wa Kiswahili hatukuona tatizo. Msimbo wa ISO 8859-1 wa mwaka 1987 uliongeza ã, õ na ñ, lakini si ĩ wala ũ.

Mwaka 1988 Joe Becker wa kampuni ya Xerox alipendekeza msimbo mpya, akauita Unicode. Jina hilo alilikusudia lidokeze mambo matatu: upekee, muungano, na kuenea ulimwengu mzima. Kulifasiri kuwa "msimbo mmoja" hakutoshi, kwani umoja huo haufanyi herufi zifanane. Huipa kila herufi namba yake. Humo ĩ ni 297 na ũ ni 361.

Suala hili limo hata katika jina la lugha yenyewe. Sisi huandika "Kisukuma". Herman Batibo, katika kitabu chake cha mwaka 1985 kwa Kifaransa, aliandika "kesukuma". Irabu ya kiambishi hicho si i wala e ya Kiswahili.

Yunikodi inaweza kuhifadhi irabu hizo leo, lakini haiwezi kurejesha zilizokwisha kufutwa. Mimi niliyesomeshwa kwa Kiswahili sikuweza kuzirudisha zote kwa sikio langu. Nililazimika kurudi Mwaloni, neno baada ya neno, kuwauliza wazee waliobaki. Maneno machache hawakuyajua. Hayo nimeyaacha yalivyo, kwa irabu tano.