Ukingo Ulioachwa

Kabla sijamaliza shikamoo, Mama akauliza majibu. Nikamwambia: uvimbe umerudi.

"Si walikuchoma, mwanangu?"

Walinichoma, hapa Seoul, mwaka wangu wa kwanza wa uzamili. Sindano ilipitishwa shingoni hadi kwenye tezi ya thairoidi, ncha yake ikaupasha moto uvimbe kwa mawimbi ya redio. Nilikuwa macho. Daktari alinisemesha kila baada ya muda, maana neva ya sauti hupita nyuma ya tezi. Nilihesabu kwa Kikorea. Kiliponiishia, nikaendelea kwa Kiswahili. Haikuwa saratani. Uvimbe ukasinyaa, nikaacha kujifunga skafu.

Sasa ultrasaundi inaonyesha umeota tena pembeni. Mara nyingi ndivyo unavyorudi, daktari alisema: ukingo ulio karibu na neva haukuchomwa wote, nisije nikapoteza sauti.

Niliondoka nimekasirika, kana kwamba nimefanyiwa kazi nusu. Naweza kuchomwa tena, kupasuliwa, au kusubiri tukiupima.

"Unanisikia?" Mama akauliza kutoka Iringa.

"Nakusikia, Mama."

Sauti ilitoka nzima. Nikamwambia nitasubiri kidogo.