Gemu ilivyomaliza chaji ya safari ya Mbeya

Kama umewahi kupanda treni ya TAZARA kwenda Mbeya ukiwa na mtoto, unajua usiku wake ulivyo mrefu. Desemba nilisafiri na mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa. Dada alikuwa ametangulia kumuuguza mama yetu, aliyefanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Nilikuwa nasubiri simu yake.

Nilijiona nimejipanga. Mtoto alikuwa na Nintendo Switch, mimi nina pawabenki ya 10,000 mAh. Betri ya Switch ni 4,310 mAh, nikapiga hesabu: ataichaji mara mbili, kitakachobaki ni cha simu yangu.

Jioni tulikatiza Hifadhi ya Nyerere. Twiga walisimama si mbali na reli, abiria wakajaa madirishani. Mtoto aliinua macho kidogo, akarudi kwenye gemu. Nikamwacha. Akili yangu ilikuwa hospitalini.

Asubuhi treni imesimama Mlimba, akina mama wanauza ndizi chini ya madirisha, simu yangu imezima. Pawabenki haina hata taa moja.

"Mamdogo, mimi nimechaji mara mbili tu, kama ulivyosema," mtoto akajitetea. Na kweli, hakukosea.

Abiria wa kitanda cha juu aliniazima simu. Namba pekee niliyoikariri ni ya mama mwenyewe. Akapokea dada. "Mbona hupatikani tangu usiku? Mama ameamka, anakuulizia." Nikashindwa kujizuia, nikalia.

Kosa langu lilikuwa kuamini namba ya nje bila kuielewa. Ile 10,000 mAh ni ujazo wa betri ya ndani, ambayo ina volti 3.7. Zidisha namba hizo mbili, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa 37. Umeme huo hupandishwa hadi volti 5 au zaidi ndipo utoke, na njiani sehemu yake hupotea kama joto. Ukitoa moja ya tano, unabaki na wati-saa kama 30. Switch inahitaji 16 ili ijae. Mara mbili ni 32. Simu yangu haikuwa na fungu lolote.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kununua, tafuta kwenye lebo herufi Wh, ndizo wati-saa, kisha jumlisha mahitaji ya kila kifaa. Ya 20,000 mAh ina kama wati-saa 74. Hata kwenye ndege inaruhusiwa, kwa kuwa haizidi 100, ila ibebe mkononi, usiiweke kwenye begi la mizigo.

Kutoka Mlimba hadi Makambako reli hupita kwenye mahandaki mengi. Gemu ikiwa imezima, mtoto aliyahesabu yote kwa sauti, behewa zima likamsaidia. Safari ya kurudi tulibeba ya 20,000, na simu ndiyo iliyochajiwa kwanza.