Kamera Katika Vichochoro vya Mji wa Kale

Msafiri atokaye bara, aliyezoea miji yenye njia pana na nyumba zenye nyua, hustaajabu aingiapo Mji wa Kale wa Mombasa kwa mara ya kwanza. Mtaa huu uko upande wa mashariki wa kisiwa, ukikabili mkono wa bahari wa Tudor, na eneo lake lote ni kiasi cha ekari 180 tu. Ndani ya ekari hizo nyumba zimesongamana bega kwa bega, na baina yake vimepita vichochoro vyembamba, hata mtu akinyosha mikono yote miwili karibu atagusa kuta za pande mbili. Hapana shaka ni mahali pazuri mno kwa mtu mwenye kamera. Lakini pia ni mahali ambapo mwenye kamera huulizwa maswali, na namna anavyoyajibu ndiyo huamua kama ataondoka na picha njema au ataondoka mikono mitupu.

Wageni wengi huanza kwenye Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Tangu 1895 hadi 1958 ngome hiyo ilikuwa gereza. Baadaye ikafanywa nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hapo mgeni akiisha kulipa kiingilio hupiga picha za kuta, mizinga na bahari kama apendavyo, wala hapana wa kumwuliza neno, kwa kuwa ngome haina tena watu wanaoishi ndani yake.

Akitoka ngomeni huingia Ndia Kuu, njia iliyo mashuhuri kuliko zote za mtaa. Wenye maduka ya vikoi, vinyago na vitu vya kale wamekwisha kuzoea wageni. Huko mgeni ataona milango yenye miimo iliyotiwa nakshi za maua, na roshani za mbao zilizotokeza juu ya njia, nyingi zikifuata ufundi wa Kihindi. Ataona pia Msikiti wa Mandhry, ambao husemekana ulijengwa mwaka 1570, na mbele kidogo Bandari ya Kale, palipokuwa pakitia nanga majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Mwaka 1990 mtaa huu ulitangazwa kuwa mahali pa hifadhi, ili sura ya nyumba zake isiharibiwe ovyo.

Mpaka hapo safari ni nyepesi. Mambo hubadilika mgeni aiachapo njia kubwa na kuingia katika vichochoro vya ndani.

NJIA YA WOTE, MTAA WA WENYEWE

Yafaa msomaji wa bara aelewe jambo moja. Kichochoro cha Mji wa Kale, ingawa kwa sheria ni njia ya watu wote, kwa desturi ni kama ukumbi wa nyumba zinazokizunguka. Mbele ya nyumba nyingi kuna baraza ya mawe, ambapo wazee huketi kuzungumza, habari za mtaa hupokewa na wageni hukaribishwa. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba akigonganisha vikombe. Wanawake huvuka kutoka nyumba hii hadi ile, na watoto hucheza huko siku nzima. Kwa hiyo mtu akisimama katikati ya kichochoro na kuinua kamera, yeye huona kwamba amesimama barabarani, bali wenyeji huona kwamba amesimama ukumbini mwao bila ya kupiga hodi.

Asubuhi moja nilikuwa nikitembea huko pamoja na kijana mmoja kutoka bara, karani kwa kazi yake, ambaye hupenda sana kupiga picha. Aliuona mlango mzuri wa nakshi, akainua kamera. Wakati ule ule mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja aliyevaa buibui. Alipoiona kamera akarudi ndani upesi na kuufunga. Vijana watatu waliokuwa wameegemea ukuta wakatujia, na mmoja akauliza kwa ukali, “Wapiga picha nyumba ya nani?” Mwenzangu akajibu kwamba njia ile ni ya serikali, na kila mtu ana haki ya kupiga picha njiani.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani akacheka kidogo, akasema, “Njia ni ya serikali, mwanangu. Na mlango je? Na huyo mama?” Kisha akawatuliza wale vijana, akatukaribisha tuketi, na kahawa ikaletwa. Hakumlaumu mwenzangu tena. Alimwuliza tu jina lake, kwao ni wapi, na picha ile alikusudia kuipeleka wapi.

Mwenzangu alipoona heshima ile, naye akabadili maneno yake. Alimsalimu mzee kama ipasavyo, akamweleza kazi yake, akamwonyesha picha zote alizopiga asubuhi ile, na mbele ya macho yake akaifuta ile iliyomwonyesha mama. Ndipo mzee akatueleza sababu ya mashaka yao. Alisema kwamba zamani kidogo walikuja watu wawili, wakapiga picha nyumba zote za safu ile, juu na chini, bila ya kusema neno. Baada ya miezi michache nyumba mbili ziliuzwa, na wapangaji waliokaa humo kwa miaka mingi wakaambiwa watoke. “Sijui kama picha ndizo zilizoziuza,” akasema, “lakini tangu siku hiyo tukiona kamera twauliza.” Wahenga hawakukosea waliponena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka.

Mwisho wake mzee mwenyewe alimtuma mtoto kwa mwenye nyumba, ruhusa ikapatikana, na mlango ukapigwa picha ukiwa umefunguliwa vizuri, mwangaza wa asubuhi ukiangukia nakshi zake. Juma lililofuata mwenzangu aliwapelekea nakala mbili za karatasi, moja ya mwenye nyumba na moja ya mzee.

KWA NINI WATU HUWA NA MASHAKA

Yasidhaniwe kwamba watu wa pwani huchukia picha. Wapo waonao kwamba kupiga picha ya kiumbe mwenye roho hakupatani na dini, na wengine huruhusu. Wanazuoni hawakukubaliana juu ya jambo hili. Lakini studio za picha zimekuwako pwani kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1950 na 1960 studio ya Parekh mjini Mombasa ilipendwa sana na watu wa kila namna, na huko Lamu marehemu Omar Said Bakor alisifiwa kwa picha zake za kuunganisha, ambamo uso wa mtu huonekana ndani ya ua au moyo. Katika studio mtu alikwenda kwa hiari yake, akachagua nguo zake na namna atakavyokaa, akalipa, na picha akaichukua nyumbani kwake. Yeye ndiye aliyekuwa bwana wa picha yake.

Picha ya njiani ni kinyume cha hayo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za posta zenye picha za watu wa Unguja na Mombasa zilipelekwa Ulaya kwa wingi, zikauzwa na kukusanywa na watu wasiowajua kabisa wale waliopigwa. Uso wa mtu ukawa bidhaa, na mwenyewe hakuandikwa hata jina.

Wala mashaka haya si ya watu wa pwani peke yao. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyoanza mwaka 1952, picha ya uso ilitakiwa kwa vitambulisho vya Wakikuyu, na wako waliokataa kupigwa, kwa kuwa waliona kwamba picha ile ilikuwa kamba ya kuwafungia. Tena katika miaka ya 2012 hadi 2014 Mombasa ilipatwa na mauaji ya masheikh na misako ya polisi, na mtu asiyejulikana mwenye kamera aliweza kudhaniwa kuwa mpelelezi. Siku hizi, ambapo kila simu ina kamera, picha iliyopigwa saa mbili asubuhi yaweza kuonekana na watu elfu kumi kabla ya adhuhuri, na aliyepigwa asiwe na habari.

SHERIA YASEMAJE

Kupiga picha katika njia ya watu wote si kosa kwa jumla, ila kuna mahali palipokatazwa kwa ajili ya ulinzi, kama kambi za askari. Bandarini na penye askari mlangoni, ni vyema kuuliza kwanza. Lakini haki ya mpiga picha ina mpaka. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 chalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yahesabu picha ya mtu anayetambulikana kuwa ni habari yake mwenyewe. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja ambaye hakukubali. Basi yule mzee wa barazani, alipouliza picha itapelekwa wapi, aliuliza swali lile lile ambalo sheria huliuliza.

MASHAURI KWA MWENYE KAMERA

Kwanza, ingia mtaani na kamera ikiwa chini. Tembea, salimu, jibu salamu. Mtu aliyekwisha salimiwa si mgeni kamili tena.

Pili, mtafute mzee wa baraza kabla hajakutafuta. Mweleze wewe ni nani, unapiga nini, na picha zitakwenda wapi. Ukiwa na mwenyeji wa kufuatana nawe, ni bora zaidi.

Tatu, usimpige picha mwanamke wala mtoto bila ya ruhusa, na ruhusa ya mtoto hutolewa na mzazi wake. Ukitaka mlango au roshani, ngoja wapitao wapite. Asubuhi mnamo saa moja vichochoro huwa vitupu na mwangaza ni mwororo. Saa sita jua huanguka katikati tu, na kuta hubaki gizani.

Nne, ukiulizwa usikimbie wala usitaje haki zako kwanza. Simama, onyesha picha ulizopiga, na ukiambiwa uifute moja, ifute. Ukiona hasira imepanda, tia kamera mfukoni, omba radhi na uende zako, kwa maana hakuna mlango wa nakshi ulio na thamani kuliko amani.

Tano, ukiahidi nakala, ilete. Wapiga picha wengi wameahidi na hawakurudi, na anayekuja nyuma yao ndiye alipaye deni hilo.

Picha za Mji wa Kale zinahitajiwa sana. Chumvi ya bahari hula chokaa, mchwa hula mbao, na roshani ikiisha kuanguka, fundi atakaye kuirudisha kama ilivyokuwa hutegemea picha iliyopigwa zamani. Hivyo mwenye nyumba na mwenye kamera wana haja ya kusaidiana. Lakini mwenye nyumba ndiye aishiye humo, na akisema leo hapana, picha hiyo na iachwe. Njia ya kurudi kesho na kuuliza tena iko wazi kwa yule aliyeondoka kwa adabu.