Kujifunza Kuandika Programu Ukubwani



Baadhi ya vijana wametuuliza kama mtu ambaye hakusoma kompyuta katika digrii ya kwanza anaweza kuingia shahada ya pili na kujifunza kuandika programu. Jibu letu ni kuwa inawezekana, ila ina njia yake, na njia hiyo ndiyo tunayopenda kuwaeleza.

Sisi ni watatu: mwalimu wa hesabu, mhasibu, na mmoja aliyesomea takwimu. Tulikutana Kampala katika kozi ya uzamili, na somo la lazima la muhula wa kwanza lilikuwa kuandika programu kwa njia ya vitu, yaani objekti, kwa lugha ya Java. Wengi wa wenzetu walikuwa na uzoefu wa miaka. Sisi tulikuwa hatujawahi kuandika hata mstari mmoja. Asiyefaulu hulirudia somo na kulilipia upya. Karo ya mmoja wetu ilitoka katika duka la baba yake kule Bujumbura, ya pili ilikuwa akiba ya miaka ya ualimu, na ya tatu ilikuwa deni. Kwa hiyo kufeli kwetu kungewaumiza wengi.

Wiki za mwanzo zilikuwa nzito. Klasi ilielezwa kwa objekti, na objekti ikaelezwa kwa klasi. Tulikariri, lakini hatukuona kitu. Jioni moja baada ya Isha tulikuwa tumekaa na madaftari nyumbani kwa mmoja wetu, na mkewe akauliza: "Shemeji zangu, hicho mnachosoma ni nini hasa, kwa Kiswahili?"

Tukamwambia kuwa klasi ni maelezo ya jinsi kitu kilivyo na kazi zake, na objekti ni kitu chenyewe. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama kinachosaidiana katika maradhi na misiba. Akasema: "Basi ni kama fomu yetu ya uanachama. Fomu tupu ni moja, wanachama ni arobaini, na kila mmoja ana jina lake na michango yake." Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia: "Na sanduku la fedha linafunguliwa na nani? Kwetu hata mwenyekiti hatii mkono ndani. Ananiomba mimi, natazama daftari, fedha zikitosha natoa na kuandika."

Ndugu msomaji, hapo ndipo somo lilipofunguka. Katika programu ya akaunti, salio likiachwa wazi, sehemu yoyote ya programu inaweza kulibadilisha, hata kuandika fedha zisizokuwepo. Siku hesabu zikikataa, utatafuta chanzo katika kila ukurasa. Lakini salio likifungiwa ndani ya akaunti, na akaunti ikapewa kazi mbili, kuweka na kutoa, basi kila anayetaka fedha hupitia mlango huo. Ukaguzi unaandikwa mara moja, mahali pamoja. Sisi tuliita jambo hili amana: kila objekti imekabidhiwa kitu, na ndiyo inayoulizwa.

Tuliposoma historia tuliona kuwa fikra hii haikuzaliwa mbali na maisha. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliibuni lugha ya Simula huko Oslo, Norway, katika miaka ya 1960, ili kuigiza kwenye kompyuta mambo ya dunia kama foleni na huduma. Toleo la mwaka 1967 ndilo lililoleta klasi na objekti. Kutoka hapo Bjarne Stroustrup alipata msingi wa C++, kazi aliyoianza mwaka 1979, na Java ikatangazwa mwaka 1995. Kwa hiyo anayeanza kwa kutazama vitu vya mtaani kwake hajapotea njia.

Neno moja linahitaji tahadhari, nalo ni urithi. Sisi tuliolelewa tukisikia habari za mirathi tunafikiri juu ya marehemu, mali na mafungu. Katika programu hakuna aliyekufa, wala hakuna kinachogawanywa. Klasi mama inabaki na vyake vyote, na klasi mtoto inavipata kisha inaongeza vyake. Kipimo chake ni maneno "ni aina ya". Akaunti ya akiba ni aina ya akaunti, basi irithi. Mwanachama si aina ya akaunti, bali ana akaunti, basi asirithi. Kipimo hiki kidogo kilituokoa katika kazi nyingi za nyumbani.

Tangu jioni ile tulijiwekea utaratibu. Kabla ya kugusa kompyuta tunaandika kwenye karatasi, kwa Kiswahili: vitu ni vipi, kila kimoja kinajua nini, kinafanya nini, na nani haruhusiwi kukigusa. Kisha tunaandika klasi moja, tunaijaribu, ndipo tunakwenda ya pili. Alhamdulillahi, wote watatu tulifaulu. Hatukuwa wa kwanza darasani, lakini kazi yetu ya mwisho, programu ya daftari la kikundi kama kile cha akina mama, ilikwenda bila kupoteza hata shilingi moja katika majaribio.

Kwenu wanafunzi: msione haya kumweleza mtu wa nyumbani mnachosoma. Ukishindwa kukieleza kwa lugha ya mama yako, bado hujakishika. Na kwenu wazazi, muulizeni kijana wenu swali lile la shemeji yetu, kisha msikilize jibu mpaka mwisho. Huenda mkamfundisha.